Je, meli ya Kireno iliyozama Mombasa yaweza kujengwa upya?

SWALI: "Nilipotembelea makumbusho ya Fort Jesus niliona vyombo vilivyoopolewa kutoka kwenye meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná. Nimesoma pia kwamba Waholanzi, Wafaransa na Waaustralia wamejenga upya meli za matanga za enzi za ukoloni, zikaelea na nyingine zikavuka bahari. Je, meli hii ya Mombasa nayo yaweza kujengwa upya, ikawa kweli ni ile ile? Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu, na ningependa kujua kama mafundi wetu wangeiweza kazi hiyo au tungeishia kuwa na pambo la kuwafurahisha watalii."

JIBU: Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndani yake mna maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja ni kama tunaweza kujenga meli kubwa ya mbao. Jingine ni kama tunaweza kujua meli fulani, iliyozama zaidi ya miaka 300 iliyopita, ilijengwaje. Uwezo wa kujenga upo katika pwani yetu mpaka leo, na huko Ulaya walilazimika kuutafuta upya kwa jasho. Ugumu uko kwenye kujua. Nakala ya meli ya kale huwa na uzito kwa kadiri wajenzi wake wanavyoweza kukushika mkono na kukuonyesha, kipande kwa kipande, walikokitoa: hiki tulikipima kwenye mabaki, hiki kiliandikwa na fundi wa zama zile, hiki tumekikisia kwa kutazama picha. Asiyeweza kukuonyesha hivyo amejenga meli nzuri tu.

Tuanze na meli yenyewe. Santo António de Tanná ilijengwa Bassein, mji ambao leo huitwa Vasai, kaskazini ya Mumbai, India, ikashuliwa majini mwaka 1681. Majeshi ya Oman yaliizingira Fort Jesus, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, tangu Machi 1696, na meli hii ilitumwa mwaka 1697 kuleta msaada, ikazama chini ya kuta za ngome. Ngome nayo iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698. Mabaki yalichimbuliwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa kushirikiana na Institute of Nautical Archaeology, taasisi ya akiolojia ya majini, kazi ikiongozwa na Robin Piercy. Wapiga mbizi walitoa vyombo unavyoviona makumbushoni, wakapima na kuchora mbao zilizosalia, kisha wakazifukia tena mchangani.

Watu wengi huuliza kwa nini gofu la meli halikuopolewa. Ubao uliokaa majini karne tatu husimama kwa sababu maji yamejaa ndani yake. Ukiuanika, hujikunja na kupasuka. Waswidi walipoiopoa manowari yao Vasa mwaka 1961, iliwabidi wainyunyizie dawa ya nta kwa miaka 17 ili maji yatoke polepole na nta ishike nafasi yake, na mpaka leo wanaendelea kuiuguza. Kuiacha ya Mombasa mchangani ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio maana anayetaka kuijenga upya hana budi kutegemea michoro na vipimo vya wapiga mbizi wale.

Sasa fikiri mchanga ulihifadhi nini. Maji yetu ya joto yana yule mdudu anayetoboa mbao, ambaye kila fundi wa pwani anamjua kwa hasara aliyomtia. Ubao uliobaki wazi juu ya mchanga huliwa wote. Uliofukiwa husalimika, kwa kuwa chini ya mchanga mdudu hapati hewa. Hivyo basi tulicho nacho ni sehemu ya chini ya meli: mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, mataruma ya chini, yaani mbavu zake, na mbao za nje na za ndani za huko chini. Sitaha za juu hazipo. Shetri, ambalo katika meli ya Kireno lilikuwa jengo zima la nyuma lenye vyumba vya wakubwa, halipo. Milingoti haipo. Mtu akikuahidi kwamba atakujengea Santo António kamili, mwulize kwa upole shetri amelipata wapi.

Waliotutangulia katika kazi hii walitofautiana sana kwa yale waliyokuwa nayo mkononi kabla ya kukata mti wa kwanza. Wafaransa walibahatika. Hermione, manowari iliyomvusha jenerali Mfaransa La Fayette kwenda Boston, Marekani, mwaka 1780, ilijengwa Rochefort, na michoro yake haikupatikana. Lakini meli ndugu yake, Concorde, ilitekwa na Waingereza mwaka 1783, nao kwa desturi yao waliipima na kuichora kabla ya kuitumia. Michoro hiyo ikahifadhiwa Uingereza, na ndiyo iliyowawezesha Wafaransa kujenga nakala zaidi ya karne mbili baadaye. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Endeavour, meli ya baharia mvumbuzi Mwingereza James Cook, ambayo nakala yake ilijengwa Fremantle, Australia, na kushuliwa mwaka 1993: jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limeipima meli ya asili ilipoinunua mwaka 1768. Penye michoro ya namna hiyo, mabishano hupungua sana.

Waholanzi hawakuwa na michoro. Batavia ilikuwa meli ya kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC, iliyojengwa Amsterdam mwaka 1628 na kupasuka kwenye miamba ya Houtman Abrolhos, magharibi mwa Australia, tarehe 4 Juni 1629, ikiwa katika safari yake ya kwanza. Seremala mkuu Willem Vos alipolaza mkuku wa nakala yake mjini Lelystad mwaka 1985, alikuwa na vitu vichache: maandishi ya kampuni yenye vipimo vya jumla, picha za wachoraji wa zama zile, mabaki ya upande mmoja wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, yaliyoopolewa Australia, na vitabu viwili vya ujenzi wa meli, cha Nicolaes Witsen cha mwaka 1671 na cha Cornelis van Yk cha mwaka 1697. Vitabu hivyo viliandikwa miongo kadhaa baada ya Batavia kuzama, kwa hiyo hata hivyo ilibidi visomwe kwa tahadhari.

Hata vipimo vyenyewe vina mitego. Kampuni iliagiza meli ya aina hiyo iwe na urefu wa futi 160, lakini futi ya Amsterdam ilikuwa sentimita 28.3 na iligawanywa inchi 11. Futi 160 za Amsterdam ni mita 45.3, ukizihesabu kwa futi ya Kiingereza unapata mita 48.8, yaani umeongeza mita tatu na nusu za meli ambayo haikuwapo. Ndani ya Vasa, ambayo ilijengwa Stockholm wakati huo huo chini ya fundi Mholanzi, zilipatikana rula nne za maseremala: mbili za futi ya Kiswidi yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Upande wa kulia na wa kushoto wa meli hiyo haulingani, na rula hizo zinasaidia kueleza kwa nini. Wareno nao walipima kwa rumo, ambayo ni takriban mita 1.54 na hugawanywa shibiri sita za kimaseremala. Kwa hiyo, kabla ya kuiweka Santo António kwenye kompyuta, ni lazima ujue seremala wa Bassein alishika kipimo gani mkononi. Ukikipata, mabaki huanza kusema: umbali kati ya taruma na taruma, ambao kwa sentimita ulikuwa na desimali zisizo na maana, ghafla unakuwa shibiri kamili.

Hapa naomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo babu yako anapoingia. Katika karakana za meli za Amsterdam za karne ya 17, fundi hakuanza kwa kusimamisha mataruma na kuyavika mbao. Alilaza mkuku, akasimamisha fashini, yaani nguzo za mbele na za nyuma, kisha akaanza kuunganisha mbao za chini zenyewe kwa zenyewe, akizishikiza kwa vibao vifupi vilivyopigiliwa misumari juu ya kila kiungo. Umbo la meli lilitoka kwenye jicho lake na kwenye mbao zilivyokubali kupinda. Mataruma yaliingia baadaye, yakichongwa kufuata umbo ambalo tayari lilikuwapo. Vibao vile vya kushikizia vilipong'olewa viliacha matundu ya misumari, na kila tundu lilizibwa kwa kijiti kidogo cha mbao, chembamba kuliko kidole cha mtoto. Vijiti hivyo vingalipo katika mabaki ya meli za Kiholanzi. Mtafiti akipapasa ubao chini ya maji na kuona vijiti vimepangika huku na huku kando ya kiungo, anajua kwamba mbao zilitangulia na mataruma yalifuata, ingawa hakuna mtu wa zama zile aliyemwandikia jambo hilo.

Kwetu sisi hili si geni. Mtepe, ile meli ya Waswahili iliyoshonwa kwa kamba za nazi, ulijengwa hivyo hivyo: mbao kwanza, mataruma baadaye. Mafundi wa majahazi niliopata kuwatazama husimamisha mataruma machache ya kuongozea, wakapinda mbao kuyazunguka, kisha wakajaza mengine kwa kufuata umbo lililojitokeza. Na hakuna hata mmoja wao niliyemwona akiwa na mchoro. Waaustralia walipotaka kuijenga Duyfken, meli ndogo ya Kiholanzi iliyofika pwani ya kaskazini ya Australia mwaka 1606, walilazimika kujifunza upya elimu hiyo kutoka mwanzo. Nick Burningham na Adriaan de Jong walikisia umbo lake kutokana na picha za zama zile na kumbukumbu za safari, kisha mafundi wa Fremantle wakaunganisha mbao kabla ya mataruma. Mbao zake za mwaloni, zilizotoka Latvia, zilipashwa juu ya moto wa wazi mpaka zikalegea na kupinda kwa zamu, ubao mmoja baada ya mwingine. Ilishuliwa Januari 1999, na baadaye ikasafiri kwa matanga mpaka Uholanzi. Ningetamani sana fundi mmoja wa Lamu angekuwapo pale kuwaokolea muda.

Lakini usiharakishe kusema kwamba Santo António basi ilijengwa kama jahazi. Wareno walikuwa na njia yao. Maandishi yao ya kale, ya Fernando Oliveira wa karne ya 16 na ya Manuel Fernandes ya mwaka 1616, yanaeleza jinsi seremala alivyochora taruma kuu la katikati, kisha akapata mataruma ya jirani kwa kipimo kilichopunguza upana na kuinua sakafu hatua kwa hatua kuelekea mbele na nyuma. Hayo mataruma ya katikati yalisimamishwa kwanza, na mbao zikayafuata. Ni njia ya mtu anayehesabu kabla ya kukata. Sasa chukua njia hiyo uipeleke Bassein, kwenye mikono ya maseremala wa Kihindi ambao nao walikuwa na ustadi wao wa tangu zamani, uwape msaji badala ya mwaloni, uone nini kitatoka. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo lenye thamani kubwa kuliko yote katika meli ya Mombasa, na ndilo linaloitofautisha na nakala zote nilizozitaja: imechanganya damu, na kila taruma lililosalia inabidi liulizwe limechongwa kwa kuhesabu au kwa jicho. Nakala itakayojengwa kwa kufuata vitabu vya Lisbon peke yake itakuwa imemsahau seremala wa Bassein.

Nije kwenye mbao. Kwa Hermione, Wafaransa walitumia miti ya mwaloni ipatayo 2,000, iliyochaguliwa msituni mmoja mmoja, kwa sababu taruma zuri hutoka kwenye mti au tawi lililopinda lenyewe, ambapo nyuzi za mti zinafuata pindo. Ukilikata taruma kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika njiani na litavunjika siku ya dhoruba. Hili babu yako alilijua. Ndilo lililomfanya aingie msituni na kutazama juu. Utafiti wa pete za miti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wajenzi wa Batavia walichagua mbao zao kwa uangalifu wa ajabu: za chini ya maji zilitoka ukanda wa Baltiki, za juu zilitoka nyuma ya Lübeck, na mataruma yalitoka kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Nchi ndogo isiyo na misitu ya maana ilijenga mamia ya meli kwa miti ya wengine.

Santo António ni ya msaji, ule ambao Tanzania huitwa mtiki. Mwaloni una asidi inayokula misumari ya chuma. Msaji una mafuta yanayoilinda, na mdudu wa baharini haupendi. Ndiyo sababu meli zilizojengwa India zilidumu: manowari ya Uingereza Trincomalee, iliyoshuliwa Bombay mwaka 1817 kwa msaji, ingali inaelea leo Hartlepool. Msaji hupandwa kwetu, katika mashamba kama ya Longuza kule Muheza na ya bonde la Kilombero, kwa hiyo mbao za kupigilia nje zingepatikana bila kuvuka bahari. Mataruma ndiyo yatakayosumbua. Msaji wa shambani hupandwa kwa msongamano ili unyooke, na ulionyooka haufai. Itabidi ama kutafuta miti ya pembezoni iliyopinda kwa upepo na mwanga, ama kukubali mti mwingine na kulisema jambo hilo waziwazi. Kubadili mti si dhambi. Nakala ya Endeavour ina mti wa jara wa Australia penye mwaloni wa Uingereza. Waomani walipojenga Jewel of Muscat, meli ya kushonwa iliyokwenda Singapore mwaka 2010, walitumia mti kutoka Ghana ulio jamaa ya mbambakofi wetu, kwa sababu mabaki ya meli waliyoiiga, ambayo ni ya karne ya tisa, yalionyesha mti wa aina hiyo. Dhambi ni kubadili kimyakimya.

Kazi ya kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao maji yasipenye, ningeikabidhi kwa mafundi wetu bila kusita. Nimewahi kuketi chini ya jahazi lililoegeshwa maji yalipokupwa, nikimtazama mzee akitia kalafati: pamba iliyolowa mafuta aliisokota kwenye paja kuwa uzi mnene, akaulaza kwenye kiungo, akaugonga kwa patasi butu na nyundo ya mti, na kila hatua mbili tatu alisimama na kusikiliza. Mlio ulikuwa mzito pamba ilipokuwa haijashiba, kisha ukawa mkavu na wa juu, naye akasogea mbele. Wajenzi wa Ulaya walitumia nyuzi za katani na lami ya msonobari, lakini sikio ni lile lile, na sikio halifundishwi kwa kitabu. Chini ya meli pia palikuwa na kinga. Waholanzi waliongeza juu ya mbao zao za mwaloni ganda la nje la mbao za msonobari, katikati wakatia lami na nywele za wanyama, wakipigilia misumari kwa wingi, ili mdudu ale ganda hilo na kuiacha meli. Sisi tulipaka deheni ya shahamu na chokaa, tukairudia mara kwa mara. Kwa nakala itakayokaa majini mwaka mzima, ningeshauri rangi ya kisasa ya chini ya meli. Hakuna elimu itakayopotea kwa hilo.

Juu ya matanga na kamba sitasema mengi, kwa kuwa hayo hayatoki kwenye mabaki hata kidogo. Yatachukuliwa kutoka kwenye picha na orodha za vifaa vya meli nyingine za Kireno. Ujue tu kwamba si tanga moja la pembetatu na foromali moja, boriti inayobeba tanga, kama jahazi. Hermione ina milingoti mitatu na kamba za zaidi ya kilomita 20, na mabaharia wake walifunzwa kila kamba kwa jina lake, gizani, kabla ya kuruhusiwa kupanda juu. Aliyeiongoza Mayflower II, nakala ya meli iliyopeleka Waingereza Marekani mwaka 1620, kuvuka Atlantiki mwaka 1957 alikuwa Alan Villiers, nahodha aliyezaliwa Australia ambaye msimu wa 1938 na 1939 alisafiri na jahazi la Wakuwait mpaka Zanzibar na mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti. Mtu huyo alijua matanga ya dunia mbili, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Kuna uamuzi mmoja unaopaswa kufanywa mapema kabisa, nao ni kama meli itasafiri au itakaa gatini. Batavia, iliyoshuliwa Aprili 1995, ilijengwa kwa uaminifu mkubwa, na ilipokwenda Sydney mwaka 1999 ilibebwa, haikusafiri yenyewe. Hermione na Endeavour zilikusudiwa kusafiri, kwa hiyo zina mashine, vifaa vya kuzimia moto, vyoo na jiko la kisasa, vilivyofichwa chini ambako mgeni hafiki. Sheria za leo haziruhusu kuwapeleka watu baharini kwa namna ya mwaka 1681, na ni haki. Tena meli ya zama zile yaweza kuwa na kasoro ya kuzaliwa. Vasa ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, kabla hata ya kutoka bandarini, kwa kuwa ilikuwa nzito juu na nyepesi chini. Mtu akiiga umbo lake kwa uaminifu ataiga na maafa yake. Kwa Santo António, ambayo nusu yake ya juu itakuwa makisio yetu, hesabu za uthabiti ni lazima zifanywe na mhandisi wa meli kabla ya seremala kushika tezo. Makosa ya shetri moja zito yanaua watu.

Umetaja pambo la watalii, nami nataka kulijibu hilo bila kuwadharau watalii. Hermione ya asili ilijengwa kwa miezi 11 tu na jeshi la watu wa karakana ya mfalme. Nakala ilianza mwaka 1997, ikashuliwa 2012, ikavuka Atlantiki 2015, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wageni waliolipa kiingilio ili kutazama ujenzi wenyewe. Batavia ilichukua miaka 10, nayo ilikuwa pia shule ya vijana waliokosa kazi. Watalii waliilipia elimu ile. Hatari iko kwingine. Lelystad walianza mradi wa pili mwaka 1995, meli ya admirali De Ruyter iitwayo De Zeven Provinciën, na hawakuumaliza. Nayo Hermione, pamoja na fahari yake yote, mwaka 2021 ilikutwa na kuvu inayoozesha mbao zake, ikabidi iingizwe kwenye gudi, mahali pa kukaushia meli, kwa matengenezo ya miaka na gharama kubwa. Meli ya mbao hufa kwa maji ya mvua yanayopenya kutoka juu na kutulia mahali pasipopita hewa. Anayepanga bajeti ya kujenga bila bajeti ya kila mwaka ya kutunza, anajenga kuni.

Jambo la mwisho kabla sijakupa ushauri ni hili: meli hii ilikuwa chombo cha dola iliyotawala kwa mizinga, na nakala yake itasimama mbele ya ngome ile ile. Je, itasimulia habari za nani? Kumbukumbu za mzingiro zinaeleza kwamba tauni iliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na kwa muda ulinzi wa ngome ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, na watu wake wachache. Faza na Matondoni ni mwendo wa jahazi moja. Walioitazamia meli kutoka juu ya kuta walikuwa watu wa visiwa vyenu, na walioizingira walikuwa na marafiki wao Waswahili vilevile. Waliochonga mbao zake walikuwa Wahindi. Kama nakala itasimulia habari za makapteni wa Kireno wa Goa, makao yao makuu India, peke yao, tutakuwa tumepoteza zaidi ya nusu ya ukweli ambao mabaki yanatupa bure.

Kwa hiyo, kwa swali lako: mafundi wetu wanaiweza, kwa sharti kwamba waitwe wakae mezani na watafiti tangu siku ya kwanza, na wasiitwe tu baadaye kupigilia misumari penye alama za penseli za mtu mwingine. Nisingeanza na meli nzima. Ningeanza na kipande kimoja cha katikati ya meli, cha urefu wa mita tatu au nne, kwa ukubwa wake halisi: mkuku, mataruma machache, mbao za nje na za ndani, kuishia pale michoro ya wapiga mbizi inapoishia na si sentimita moja zaidi. Kijengwe kwa msaji, Matondoni kwenyewe, mara mbili: mara ya kwanza mataruma yatangulie kwa hesabu za Kireno, mara ya pili mbao zitangulie kwa jicho la fundi. Vipande hivyo viwili vikishawekwa kando ya michoro ya mabaki, alama za tezo, mpangilio wa misumari na pembe za viungo vitaonyesha ni kipi kinachokaribia kazi ya Bassein. Kabla ya hapo, kama tezo na keekee za babu yako zingalipo nyumbani, zipime, na umwombe mzee yeyote aliyefanya kazi naye akueleze, mbele ya mkuku uliolazwa, alijuaje ubao wa tatu upinde kiasi gani. Uyaandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na majina yote ya vipande, kwa sababu hayo ndiyo mtafiti atakayekuja atayahitaji kwanza.